Namba Zina Wenyewe: Vitabu Tulivyopeana kwa Likizo



Sisi ni wafanyakazi wa ofisi moja ya uchambuzi wa takwimu hapa Dar es Salaam. Mashirika hutuletea hesabu zao: wagonjwa waliohudhuria kliniki, magunia yaliyouzwa, wateja waliochelewa kulipa mikopo. Sisi huzisafisha, huzipanga na kuzichambua, kisha humweleza mwenyewe zinasema nini. Kutwa macho yetu yako kwenye majedwali ya kompyuta.

Kazi hii ina hatari yake. Ukikaa na namba muda mrefu unasahau kwamba kila namba ni mtu. Mama aliyeamka alfajiri kumpeleka mtoto kliniki anageuka kuwa mstari wa 412. Na kwa kuwa wakubwa hufanya maamuzi kwa kutazama majedwali yetu, tukimsahau sisi, basi amesahaulika kweli.

Kwa ajili hiyo tumejiwekea desturi. Kila mwaka kabla ya likizo ya Juni, kila mmoja wetu huwatajia wenzake kitabu kimoja na kueleza sababu. Sharti ni moja tu: awe amekisoma mwenyewe mpaka mwisho. Kwa kuwa nanyi mnapata likizo, tumeona tuwaletee vitano kati ya tulivyopeana.

Kwanza, mdogo wetu kuliko wote alitaja How to Lie with Statistics cha Darrell Huff, kilichotoka mwaka 1954. Ni kitabu chembamba, chenye michoro ya kuchekesha, kinachoonyesha jinsi namba za kweli zinavyoweza kutumika kudanganya. Chukueni mfano huu. Watu 9 wana shilingi 10,000 kila mmoja, na wa 10 ana shilingi 10,000,000. Wastani wao ni shilingi 1,009,000. Hesabu ni sahihi kabisa, lakini hakuna hata mmoja kati yao mwenye kiasi hicho. Anayewatangaza kuwa wote wana hali nzuri amesema uongo kwa hesabu ya kweli.

Pili, kijana anayetuchorea ramani alitaja The Ghost Map cha Steven Johnson, cha mwaka 2006. Kinaeleza kipindupindu kilichoingia eneo la Soho, London, mwaka 1854 na kuua watu zaidi ya 600. Wakati ule wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alihesabu vifo nyumba kwa nyumba, akaona vimeizunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street, na mpini wa pampu ile ukaondolewa. Lakini kijana wetu alitaka tumwangalie mtu wa pili, padri Henry Whitehead. Huyu hakukubaliana na Snow mwanzoni. Hata hivyo aliwajua watu wa mtaa ule kwa majina, akawauliza mmoja mmoja, na majibu yao yakamfanya aamini. Ndiye aliyemgundua mtoto mchanga aliyeugua mwanzo, ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo lililokuwa jirani na pampu. Snow alikuwa na hesabu, Whitehead alikuwa na majirani. Walihitajiana.

Tatu, dada yetu mmoja alileta Invisible Women cha Caroline Criado Perez, cha mwaka 2019. Kinaonyesha jinsi wanawake wanavyoachwa nje ya takwimu. Kwa miaka mingi, kwa mfano, masanamu ya kupimia usalama wa magari yalitengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume. Tangu akisome, dada huyu haachi kutuuliza, "Wanawake wako wapi kwenye jedwali hili?" Na mara nyingi hawapo. Dodoso likimuuliza mkuu wa kaya peke yake, shamba linaandikwa la baba, na mama aliyelima na kupalilia haonekani popote.

Nne, tulitajiwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, riwaya ya upelelezi ya mwaka 1960. Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hatishwi na habari za mzimu. Huuliza, husikiliza, hulinganisha maneno ya huyu na ya yule, wala hamhukumu mtu kabla ya kuwa na ushahidi. Aliyekitaja alisema kila anayeanza kazi kwetu angekisoma kwanza.

Tano ni kitabu cha mzee wetu wa ofisi. Mmoja wetu alikuwa amesema kwamba riwaya ni za kupoteza wakati tu. Mzee, ambaye si msemaji sana, akataja Kuli cha Adam Shafi, cha mwaka 1979. Ni habari za Rashidi, mchukuzi wa bandarini Unguja, na mgomo wa wachukuzi wa mwaka 1948. Kisha akatwambia kwamba baba yake naye alikuwa mchukuzi bandarini, na karatasi pekee ya kazi aliyoiacha ina namba, haina jina. Akasema, "Daftari la bandari litakuambia meli imeshusha magunia mangapi. Halikuambii yalibebwa na mgongo wa nani." Hakuna aliyembishia. Siku ile wanne kati yetu waliandika majina yao kukiazima.

Wanafunzi wapenzi, vitabu vitatu vya mwanzo ni vya Kiingereza, na walio sekondari watavimudu wakiwa na kamusi. Viwili vya mwisho ni vya Kiswahili safi. Ulizeni maktaba ya shule, au aliye Dar es Salaam apite Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Msipovipata, fanyeni kama sisi: kaeni watano, kila mmoja ataje kitabu alichokimaliza na aseme kwa nini, kisha badilishaneni. Wazazi nanyi ingieni kwenye duara hilo, kwani mtoto hukipenda kitabu alichomwona mzazi wake anakisoma.

Na mtakapokutana na namba, gazetini au darasani, ulizeni imehesabu akina nani, na imewaacha akina nani.

Tunawatakia likizo njema na usomaji mwema.