Bomba Bila Sindano

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki ili watu wacheke.

Ilikuwa mwaka 2006, Pawaga, bondeni kwenye mashamba ya mpunga, ambako wageni kutoka Iringa mjini wakishuka huvua makoti. Mimi nilikuwa na miaka 8, mdogo wangu miwili. Homa ilimpanda tangu mchana. Jua lilipozama macho yake yakageuka juu, meno yakakazana, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Mama alipiga yowe. Bibi hakupiga. Alisema neno moja tu: "Degedege."

Tulimkimbiza zahanati. Nesi wa zamu alivunja kichupa kwa mwanga wa chemli, akavuta dawa kwa bomba la sindano. Hapo Bibi akamshika mkono.

"Mwanangu, degedege halichomwi sindano. Ukimchoma, anatufia hapa hapa."

Nesi alimtazama Bibi, akamtazama mtoto. "Sawa, Bibi. Simchomi."

Akachomoa sindano kwenye bomba, akaiweka pembeni. Akamlaza mdogo wangu ubavu, akaingiza ncha ya bomba kwenye njia ya haja kubwa, akasukuma dawa taratibu, kisha akayabana makalio kwa viganja vyake ili isirudi. Dakika chache baadaye mikono ililegea. Mtoto akalala. Kesho yake, hospitali ya mjini, alitundikiwa dripu ya kwinini kwa malaria iliyokuwa chanzo cha yote, lakini hilo Bibi hulisahau akisimulia. Kwake kisa kinaishia pale sindano ilipochomolewa.

Mimi nilikisimulia kwa namna yangu. Hosteli, tukinywa chai, nilimwigiza Bibi kwa sauti yake na nesi akitetemeka mbele ya bibi kizee wa Kihehe, hadi akaamua kutoa dawa kinyumenyume. Wenzangu walicheka hadi machozi. Moyoni niliamini mdogo wangu alipona kwa bahati, kwamba alinyimwa tiba halisi, akapewa ya kumridhisha bibi.

Kisha nikaja Mbeya kusoma shahada ya uzamili ya famakolojia. Muhula wa kwanza, asubuhi ya baridi, mhadhiri aliandika ubaoni jina la dawa moja: dayazepamu. Dawa ya kutuliza, iko sokoni tangu 1963. Chini yake akaandika mdomo, msuli, mshipa, haja kubwa. Akauliza: mtoto anatingishika, mshipa haupatikani, utatumia njia ipi?

Niliwahi kujibu. "Msuli."

"Umemchelewesha," alisema.

Akaeleza. Mdomo haufai, kwa sababu mtoto mwenye degedege hamezi, na ukimlazimisha dawa itaingia njia ya hewa. Mshipa ndiyo njia ya haraka kuliko zote, dawa inaufikia ubongo mara moja. Lakini kuupata mshipa wa mtoto anayerukaruka si kazi ndogo, na ukisukuma haraka unaweza kumzimia pumzi. Msuli, ambao sisi wote tuliuona ndiyo "sindano ya kweli", kwa dawa hii ni njia mbovu. Dayazepamu haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ukiichoma msulini hukawia kuingia kwenye damu, leo kiasi hiki, kesho kiasi kile, huwezi kuitegemea. Ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa ni mwembamba na umejaa mishipa midogo, dawa ya maji ikifika pale huingia kwenye damu kwa dakika. Ndiyo maana hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaitaja njia hiyo pale mshipa unapokosekana.

Yaani nesi wa Pawaga alifanya kile hasa alichofundishwa. Sindano aliihitaji kuvutia dawa tu, na angeichomoa hata kama Bibi asingefungua mdomo. Ila badala ya kubishana na bibi mwenye hofu huku mtoto akiendelea kutingishika, alimwachia ushindi.

Siku ile sikuandika kitu tena. Nilikuwa nahesabu mara ngapi nimemchekesha mtu kwa jina la yule dada.

Nilizidi kusoma. Nikakuta utafiti uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, ukachapishwa mwaka 2008: watoto 330, wengine walipewa dayazepamu nyuma, wengine midazolamu kati ya shavu na fizi. Dayazepamu ilishindwa kwa asilimia 43, midazolamu kwa asilimia 30. Midazolamu ikimezwa, zaidi ya nusu hupotea, kwa kuwa lazima ipite kwanza utumbo na ini. Ikiwekwa shavuni hukwepa sehemu kubwa ya safari hiyo. Niliwaza mizani ya Wenda, pale basi la Mbeya linapopunguza mwendo kabla ya kuingia Iringa. Ini ni mizani. Kila kilichomezwa kinapimwa pale, na kingine hakivuki.

Ningebaki na aibu yangu kimya kimya, kama Mama asingepiga simu. Mtoto wa jirani alikuwa na homa kali, na Bibi alikuwa ameshamwambia mama yake: akipata degedege, kataa sindano, mtazame mjukuu wangu. Kumbe amekuwa akiwaambia hivyo kina mama wote wa pale. Na malaria kali leo hutibiwa kwa atesuneti, nayo huchomwa, mshipani au msulini. Mama atakayemsikiliza Bibi anaweza kumpoteza mtoto.

Nilipanda basi Nanenane alfajiri.

Bibi alinipokea kwa "Kamwene", akanipa ugali na mboga ya majani. Nilisubiri tumalize, nikaanza na mihadhara yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu, mimi niliona," alisema. "Mtoto wa dada yangu alichomwa sindano, akakata roho mikononi mwangu."

Sikuwa nimewahi kulisikia hilo. Nikamuuliza alikuwa anaumwa tangu lini.

"Siku ya nne. Tulianza na kumfukiza, tukaenda kwa mganga. Sindano ilikuwa mwisho."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Sikuthubutu kumalizia hesabu ile kwa niaba yake.

"Basi yule nesi alinidanganya," alisema hatimaye.

"Hapana, Bibi. Alisema hamchomi, na hakumchoma."

Mdogo wangu, sasa ana miaka 21, aliinua kichwa. "Kwani dawa ilipita wapi?"

Bibi ndiye aliyeanza kucheka.

Jioni jirani alikuja kuazima chumvi, mtoto mgongoni, homa bado. Bibi alimkalisha, akaanza kusimulia: chemli, kichupa, mkono alioushika. Nilikaza macho chini. Alipofika kwenye sindano iliyochomolewa hakuishia pale.

"Kesho yake," alisema, "akatundikiwa dripu mjini. Ile ilikuwa na sindano. Nenda zahanati sasa hivi, chumvi utaikuta."