Kompyuta Mpya au Mabati?

Ukisikia wanandoa wa siku hizi hawasemeshani, usidhani lazima ni nyumba ndogo. Kwetu Chukwani ilikuwa kompyuta!

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta yetu ya mezani, mtumba wa Dubai, ikaikataa Windows 11. Memori inatosha, maana inatakiwa GB 4 tu, lakini haina TPM 2.0, kile kifaa cha kutunza funguo za usalama. Mume wangu akasema tununue mpya. Kwa pesa gani, bwana? Zilizopo ni za mabati ya nyumba yetu! Mie nikagoma.

Lakini kuiacha hivyo hivyo nayo hatari: bila marekebisho ya usalama, virusi hawabishi hodi, na humo mna picha za harusi na hesabu za biashara yangu ya khanga. Nikachagua Linux Mint, ambayo ni ya bure. Kwanza nikahamishia kila kitu kwenye diski ya nje (msomaji, hapo usifanye uvivu, kusimika upya kunafuta vyote), nikasubiri umeme utulie, nikaisimika kwa flashi. Hesabu zangu za Excel zimefunguka kwenye LibreOffice, ingawa jedwali mbili zilipinda kidogo.

Mume wangu aliizunguka siku tatu kama paka na samaki wa moto. Jana kaniuliza, "Mke wangu, hii nayo ina karata?"

Ipo. Na fundi wa paa anakuja Jumamosi.