Kiu ya Redio Kongwe

Uzee wa chombo hauna mvi wala mikunjo ya uso. Redio ya kupokea na kurusha sauti, iliyotengenezwa miaka 50 iliyopita, yaweza kung'aa kwa nje na kuwa imekauka ndani mfano wa kisima cha kiangazi. Huko Sepuka, katika Wilaya ya Ikungi mkoani Singida, ambako jua na vumbi havibagui mtu wala kitu, yuko fundi mzee aletewaye vyombo hivyo mara chache. Leo ni vya watu wa redio ya ridhaa. Zamani ndugu zake vilibeba roho za watu. AMREF ilipokwisha kuanzishwa mwaka 1957, hospitali za misheni zilizokuwa mbali na simu ziliweza kumwita daktari wa ndege kwa redio. Redio ilipokuwa bubu, mgonjwa alikuwa peke yake.

Swali la kwanza la mzee si la ugonjwa bali la muda: chombo kimelala miaka mingapi? Kapasita za kielektroliti hubeba umajimaji, nao hupungua mwaka kwa mwaka. Joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wake hukaribia kupungua kwa nusu. Umajimaji ukikauka, mngurumo huingia katika sauti. Tena kapasita iliyolala sana hudhoofika utando wake wa ndani. Ikipewa umeme wote kwa ghafula yaweza kupasuka. Kwa hiyo umeme hupitishwa kwanza katika balbu iliyofungwa njiani: balbu iking'aa mno, kuna hitilafu, ikififia, kuna matumaini.

Maradhi mengine ni mepesi kwa ajuaye. Sauti ikizimika, kisha ikarejea mara kitufe cha kusemea kikibonyezwa na kuachwa, lawama ni ya ncha chafu za relei. Ukanda wa karatasi uliochovywa spiriti hutosha, msasa haufai. Lehemu hupasuka penye joto. Betri ndogo ya kumbukumbu huvuja, ikala shaba.

Adui mkubwa ni bisibisi. Kijana anayejifunza kazi hupenda kuzungusha skrubu za kurekebishia masafa, na kwa dakika chache redio huonekana imepona.

"Mwanangu," mzee humwambia, "skrubu hiyo haikujizungusha. Tafuta kilichochakaa."

"Naam, Mzee."

Ana haki, kwani fundi ajaye baada ya kijana atakuta makosa mawili mahali pa moja.

Kuna na hatari ya uhai. Kenwood TS-520 hupeleka takriban volti 800 katika valvu zake za mwisho, na kapasita huweza kuzihifadhi hata waya ukiisha kuchomolewa. Mzee huzimwaga kwa rezista, akapima, akapima tena. Kijana hudhani ni uvivu.

Hatimaye kurusha hujaribiwa. Mzee hana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, basi hafungi antena. Hufunga balbu mahali pake. Kijana husema, "Moja, mbili, tatu," na balbu huwaka na kufifia kwa kuifuata sauti yake.