Maji Yakijaa Tunaondoka

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kwenda Lindi alipita Kibiti akiwa amepauka vumbi, akaenda kungoja pantoni pale Ndundu. Kibiti bado haikuwa wilaya. Tulikuwa Wilaya ya Rufiji, na kila lenye mhuri lilitoka Utete. Aliyekuwa akija kwetu aliacha barabara kuu pale Bungu, akakata mashariki hadi Nyamisati, ambako nchi kavu inaishia na mikoko inaanza.

Mjomba wangu alikuwa nahodha wa mashua hapo Nyamisati. Alipeleka watu na mizigo Salale, Kiongoroni na Mbwera, akarudi na mpunga, kaa na samaki wa kukausha. Mwishoni mwa miaka ya tisini walianza kuja wageni wa kutazama mikoko, maana msitu ule wa delta ya Mto Rufiji, hekta zipatazo 53,000, ndio mkubwa kuliko yote ya mikoko Tanzania. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kibarua cha ukalimani.

Mgeni ninayemkumbuka zaidi ni dada mmoja wa Kiingereza. Kiswahili alikuwa amejifunza vitabuni, na alikisema vizuri. Jioni moja alimuuliza mjomba, "Mzee, kesho tunaondoka saa ngapi?"

"Maji yakijaa, mwanangu."

"Yanajaa saa ngapi?"

"Kesho mwezi tano," mjomba akasema, akaendelea kuziba mashua yake kwa pamba na mafuta.

Dada alinigeukia. Maneno yote aliyafahamu, jibu hakuliona. Nikamweleza kwamba maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo haimfai mtu kesho. Umri wa mwezi ndio usiodanganya: ukiujua, unajua maji yatafika lini na kwa kiasi gani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, maji hupanda zaidi ya mita tatu, na mashua hupita hata vijito vya njia ya mkato. Mwezi saba au nane, na tena ishirini na moja au mbili, maji hufa. Nahodha akikwambia "maji yamekufa" hakuletei msiba. Anakuambia upunguze mzigo, tena ujiandae kwa safari ndefu, kwa sababu njia ya mkato haitapitika.

Asubuhi ile ya mwezi tano tuliondoka jua limeshapanda kidogo, kama mjomba alivyosema. Kabla ya kupanda, dada alizama kwenye tope hadi magotini. Ufuo mzima ukaitikia, "Pole! Pole, dada!" Naye akawajibu kwa adabu, "Hapana, si kosa lenu." Kwao neno la namna hiyo husemwa zaidi na aliyekosa. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika kapu la muhogo hakubishana naye. Alitua kapu, akamvuta mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa mashua, kisha akachota maji kwa kata na kumwosha miguu, kidole kimoja kimoja, huku akirudia polepole: pole, mwanangu, pole. Dada hakusema tena habari ya kosa. Alimshika yule mama mkono, akamshukuru.

Salale tulipokelewa na mzee wa nyumba tuliyofikia.

"Habari za hapa?"

"Njema."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, alhamdulillahi. Ila tumefiwa. Tumemzika shemeji jana."

Usiku dada aliniuliza inakuwaje mtu mwenye msiba aseme habari ni njema. Nilimjibu kama nilivyofundishwa na bibi: njema ya kwanza ni shukrani kwa Mungu kwa walio hai, na ni kumpa mgeni mahali pa kukaa kabla hujampa uzito wa kubeba. Baada ya hapo huambiwi msiba ili ujue tu. Unaambiwa ukae matanga. Kesho yake alikwenda, akajifunga kanga, akakaa mkekani na wanawake. Alinisimulia kwamba Uingereza nako watu hukutana njiani wakaulizana kama wako sawa, wakapishana bila kungoja jibu, na wageni wa kule husimama wakitaka kueleza.

Hata Watanzania wenzetu mambo haya yaliwatatiza. Bwana mmoja wa Njombe, mtumishi wa serikali aliyepangiwa Kibiti, alialikwa kwetu maulidi ya usiku wa Ijumaa. Mjomba alimkariria: "Yaani Alhamisi jua likizama. Kwetu usiku hutangulia mchana." Bwana yule alishangaa, akasema amesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza. Mjomba akamwambia kwa upole, "Umekisoma, bwana. Sasa kaa nacho." Akaja Alhamisi, akala pilau nasi.

Kibiti sasa ni wilaya, ina lami, na kivuko cha Mafia kinafunga gati Nyamisati. Vijana hupiga simu kuulizia mashua, na manahodha bado huwatajia mwezi. Nami nimewafundisha wageni wengi tangu wakati ule. Hakuna hata mmoja niliyempa orodha ya misemo akarire. Aliyetaka kujua bamvu nilimpeleka ufuoni siku ya mwezi mwandamo. Aliyeuliza maana ya pole, nilimtafutia mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Msemo wa kwetu huja na wajibu wake, na anayeukubali wajibu huo hukifahamu Kiswahili cha delta haraka kuliko anayebeba kamusi.