Juma Moja Kisiwani Malta

Malta ni nchi ya visiwa vidogo vilivyo katikati ya Bahari ya Mediterania, kilomita 90 hivi kusini mwa Sisilia. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316. Yaani kisiwa chetu cha Mafia peke yake kinaizidi, na Unguja ingeweza kuimeza mara tano na bado ikabaki na njaa. Wakazi wake ni zaidi ya nusu milioni. Haina mto utiririkao mwaka mzima, wala msitu wa kutajika. Ina mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, ina makanisa, na ina bahari kila upande. Mtu akiitazama katika ramani huweza kudhani kuwa ni tone la wino lililomdondoka mchoraji. Lakini tone hilo lina lugha yake, na lugha hiyo ndiyo iliyotufanya sisi, walimu watatu wa Kiswahili tuliokuwa tumemaliza semina huko Sisilia, tukate shauri la kutumia juma moja la likizo yetu kisiwani humo kabla ya kurejea nyumbani.

Tulivuka kutoka Pozzallo kwa boti ya kasi, safari isiyotimia saa mbili, tukaingia katika bandari kuu ya Valletta siku ya Jumatano ya Juma Kuu. Msomaji aliyepata kuingia Unguja kwa bahari atakumbuka jinsi mji ule unavyojitokeza mbele ya chombo, nyumba baada ya nyumba. Valletta hujitokeza vivyo hivyo, ila kinachotangulia kuonekana ni kuta za ngome. Mji huo ulianzishwa mwaka 1566, mwaka mmoja baada ya kisiwa kuzingirwa na majeshi ya Waturuki, na walioujenga ni wapiganaji watawa wa Mtakatifu Yohane waliokitawala kisiwa tangu 1530 hadi 1798. Vitabu vya watalii huzisifu ngome hizo kwa kurasa nyingi. Havisemi sana kuwa watawala hao walimiliki watumwa, wengi wao Waislamu waliotekwa baharini, waliovutishwa makasia ya merikebu na kubebeshwa mawe ya ngome. Utumwa huo ulikomeshwa mwaka 1798, Napoleon alipokiteka kisiwa. Sisi tutokao katika pwani yenye Bagamoyo na Mkunazini hatukuweza kuzipita kuta zile kwa macho ya mtalii. Barabara kuu ya mji iliitwa Strada Reale wakati Kiitalia kilipokuwa lugha ya wakubwa, ikaitwa Kingsway chini ya Waingereza, na leo ni Triq ir-Repubblika, yaani Barabara ya Jamhuri. Wazee wa Dar es Salaam walioiona Acacia Avenue ikigeuka Independence Avenue, kisha ikawa Samora, hawatashangaa.

Lakini hatukwenda kutazama mawe. Asubuhi ya Alhamisi, ambayo wenyewe huiita il-Ħamis, tulipanda basi hadi Mdina, mji mkuu wa zamani, ambao jina lake halina maana nyingine ila "mji", kama ile Madina tuijuayo. Nje ya lango mzee mmoja alikuwa akiuza asali. Tulimwuliza kwa Kiingereza jina la bidhaa yake katika lugha ya nyumbani kwake, naye akatujibu: għasel. Hiyo għ ya Kimalta huandikwa, lakini mara nyingi haitamkwi; ni kaburi la ain ya Kiarabu. Tukatazamana. Akaendelea kuzihesabu chupa zake, na alipofika sitta, sebgħa, tmienja, disgħa, mwenzetu mwenyeji wa Tanga hakuweza kujizuia. Akataja makumi yetu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Mzee akamjibu moja kwa moja: għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin. Alicheka sana, akatuuliza kama sisi ni Waarabu. Tulimweleza kuwa ni Watanzania. Hakuonekana kuijua nchi hiyo, lakini alitupunguzia bei.

Siku iliyofuata ilitufundisha mengi zaidi. Ijumaa ya mateso ya Yesu sisi huiita Ijumaa Kuu. Wamalta huiita il-Ġimgħa l-Kbira, ambalo ni jina lile lile neno kwa neno. Tena kwao ġimgħa ni Ijumaa na pia ni siku saba, kama sisi tusemavyo Ijumaa na juma. Jioni ile kengele zote zilikuwa kimya tangu jana yake, na mahali pake palilia kelele za ubao, ċuqlajta, kama mtu agongaye milango mia kwa pamoja. Wanaume walizibeba begani sanamu kubwa za mateso, wakienda hatua kwa hatua, huku watu wenye kufunika nyuso, miguu mitupu, wakikokota minyororo katika vifundo vya miguu yao kwa ajili ya nadhiri ambazo wao na Mungu wao tu ndio wazijuao. Kanisa huitwa knisja. Kasisi ni qassis. Askofu ni isqof. Mwenyezi Mungu ni Alla, na Bwana ni Mulej, ndugu wa Mola na Maulana wa kwetu. Hata Pasaka yenyewe huitwa l-Għid il-Kbir, yaani Idi Kubwa! Mwenzetu wa Tanga, ambaye ni Mwislamu na aliyesimama nasi kwa adabu ukumbini mwa kanisa, aliposikia hayo alinong'ona, "Basi hawa ni watani zangu."

Yafaa hapa tueleze ilivyokuwa. Waarabu walikitwaa kisiwa mwaka 870, na Wanormani wakakitwaa kutoka kwao mwaka 1091. Uislamu ulitoweka huko katika karne ya 13. Dini ilibadilika, watawala wakabadilika, majina ya watu yakabadilika, lugha haikubadilika. Tangu hapo ilikatwa na Kiarabu cha vitabuni, ikaishi miongoni mwa wakulima na wavuvi, ikala chumvi ya Kisisilia na Kiitalia mpaka leo ambapo karibu nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi yake yametoka huko. Kwa mifupa Kimalta ni Kiarabu, kwa nyama ni Kiitalia, na siku hizi kimevaa shati la Kiingereza.

Kiswahili ni kinyume chake, na hilo ndilo lililotukosesha usingizi usiku ule. Yako maneno mengi yaliyo sawa katika lugha hizi mbili, na mtu asiye mwangalifu angesema kuwa ni lugha za ukoo mmoja. Si kweli. Chukueni neno kitabu. Mmalta husema ktieb, na wingi wake ni kotba, kwa kuwa kwake neno limejengwa juu ya konsonanti tatu, k, t na b, na irabu huingia na kutoka kati yake kama wageni katika nyumba: kiteb ni aliandika, kittieb ni mwandishi. Mswahili alilipokea neno lile lile, akasikia ki- mwanzoni mwake, akaona kuwa ni ki- ya kisu na kiti, basi akasema vitabu bila kumwomba mtu ruhusa. Mwarabu hawezi kukitambua kitu hicho. Na Mmalta naye amelifanyia hivyo hivyo neno la Mwitalia: amechukua skola, yaani shule, na wingi wake akausema skejjel, kwa kuvunja neno katikati kama wavunjavyo Waarabu. Mwitalia hawezi kukitambua. Wapo kwetu wasemao kuwa lugha iliyokopa maneno mengi si lugha bali ni mchanganyiko. Tungependa waulizwe ni nani aliyeandika vitabu kwa v, na kwa amri ya nani.

Jumamosi tulivuka kwenda Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa, safari ya dakika 25 hivi kwa kivuko. Huko Xagħra liko hekalu la Ġgantija, lililojengwa miaka ipatayo 3600 kabla ya Kristo, mapema kuliko piramidi za Misri. Mawe yake ni makubwa mno, na waliolijenga hawakuacha hata neno moja. Tulikaa hapo saa moja, tukarudi.

Jumapili alfajiri tulikwenda Birgu kuona sanamu ya Kristo Mfufuka ikipandishwa mtaani kwa mbio na vijana walioibeba mabegani, umati ukipiga makofi, bendi ikijitahidi kuwafuata. Lakini kilichotupendeza zaidi ya vyote kilikuwa Jumatatu, katika kijiji cha Żejtun, ambacho jina lake ni zeituni. Ndani ya baa moja wazee walikaa na magitaa matatu. Waimbaji wawili walikabiliana, mmoja akatoa ubeti wa mistari minne alioutunga papo hapo, gitaa likapewa nafasi yake, mwenzake akamjibu kwa ubeti wake wa mistari minne, nao uwe na vina, nao ujibu hoja, nao umchome mpinzani bila kumtukana. Sanaa hiyo huitwa għana. Tulipoambiwa jina hilo tulikumbuka mara moja kuwa sisi nasi shairi hatulisomi, huwa tunalighani. Hatukufahamu hata nusu ya yaliyosemwa. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo malenga hujibizana anajua ni lini mshale umefika: mzee aliyepigwa aliinamisha kichwa, akatabasamu, akarekebisha kofia, na baa nzima ikatoa sauti ya "eeh". Sauti hiyo haihitaji mfasiri.

Lugha hiyo ya wazee wale, kwa muda mrefu, wasomi wa Malta waliihesabu kuwa lugha ya jikoni na shambani. Mahakamani na katika maandishi kilitawala Kiitalia. Waingereza walipokichukua kisiwa mwanzoni mwa karne ya 19 wakaleta chao, na magwiji wa siasa wakagombana miaka mingi kama watoto wao wafundishwe Kiitalia au Kiingereza. Kimalta hakikuwa hata mshindani katika ugomvi huo. Kasumba hiyo tunaijua. Mtu mmoja aliyeikataa mapema ni Mikiel Anton Vassalli, aliyezaliwa mwaka 1764. Alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1791 na kamusi mwaka 1796, akitaka watu wake waelimishwe kwa lugha yao. Alifungwa gerezani kwa kula njama dhidi ya watawala, akaishi uhamishoni miaka mingi, na alipewa uprofesa wa Kimalta mwaka 1825, miaka minne tu kabla ya kufa kwake. Amezikwa Floriana, katika makaburi ya Waprotestanti, yeye mwana wa kisiwa cha Wakatoliki. Tulipita hapo Jumanne, mahali penye kivuli na utulivu, bandari ikionekana chini.

Baada yake alikuja kasisi Dun Karm Psaila (1871–1961), aliyetunga mashairi kwa Kiitalia mpaka mwaka 1912, akiwa na miaka zaidi ya arobaini, ndipo akageukia lugha ya mama yake, na leo ndiye mshairi wa taifa na mtunzi wa wimbo wa taifa. Mwaka 1924 chama cha waandishi kilitoa kanuni za tahajia; mwaka 1934 Kimalta kikawa lugha rasmi. Ni siku zile zile ambazo kwetu Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, huko Mombasa mwaka 1928, na Shaaban Robert alikuwa kijana anayeanza kutunga. Tofauti ni kwamba tahajia yao waliiandaa wenyewe.

Jioni ya Jumanne hiyo tulikaa na mama aliyetupangisha vyumba, mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari, naye alitupa habari nyingine. Katiba ya 1964 inasema kuwa lugha ya taifa ni Kimalta, na pale maandishi ya Kimalta na ya Kiingereza ya sheria yanapopingana, ya Kimalta ndiyo yenye nguvu. Walipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004 lugha yao ilikuwa rasmi huko tangu siku ya kwanza, ila wafasiri hawakutosha, ikabidi nyaraka nyingi zisubiri miaka mitatu. "Lugha tulikuwa nayo," alisema, "watu wa kuifanyia kazi hatukuwa tumewasomesha." Nasi tulimweleza kuwa mwaka ule ule wa 2004 Joaquim Chissano alihutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na kuwa mwaka 2021 Bunge letu lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Alifurahi. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwalimu asahihishaye daftari:

"Na fizikia, mnafundisha kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza, Mama."

"Na mwanafunzi asipoelewa?"

Tulimwambia kuwa mwalimu hufunga mlango, akaeleza kwa Kiswahili, kisha akaufungua. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema kuwa katika darasa lake la hesabu vitabu na mitihani vilikuwa vya Kiingereza, na miaka yote aliyofundisha, maelezo yalikuwa ya Kimalta. Hakuona kama ni jambo la kuchekesha sana alipokwisha kulisema.

Baadaye alituuliza mlango kwa Kiswahili ni nini, maana wao husema bieb, na alikuwa amekwisha kuizoea michezo yetu ya kulinganisha. Tulimtajia. Alilirudia neno mara mbili, mlango, mlango, akasema kuwa hilo hajalisikia kwao hata kidogo. Tukamwambia kuwa hilo ni letu wenyewe.