Ukibana Picha ya Setelaiti, Usilibane na Shamba la Mtu

Ndugu msomaji, umezoea kunikuta hapa nikizungumzia viwavijeshi, mbolea na nafasi za kupandia. Leo nazungumzia mafaili, maana siku hizi afisa ugani asiyejua kubana faili humaliza bando kabla hajafika kijiji cha pili.

Setelaiti za Sentinel-2 hupiga picha yenye bendi 13, yaani picha 13 za eneo lile lile, kila moja kwa aina yake ya mwanga. Kipande kimoja kina upande wa takriban kilomita 110. Kwenye bendi za mita 10, hizo ni pikseli zaidi ya milioni 120 kwa kila bendi. Ongeza tarehe za msimu mzima, halafu mvua ya kila siku, na kompyuta ya ofisini inaanza kunguruma kama mashine ya kukoboa.

Msimu mmoja mvua ilikatika Februari, kama inavyotufanyia mara kwa mara hapa Dodoma, nasi tukawa tunapanga mashamba yapi yakaguliwe kwanza. Mtu mmoja akaturushia ramani ya uoto kwa WhatsApp. Nikaenda nayo shambani. Mzee mmoja akaiangalia kwenye simu yangu, akasema, "Bwana Shamba, hicho kijani ni cha wapi? Mimi hapa nina mabua tu."

Mzee alikuwa sahihi. Shamba lake ni la ekari moja na limepakana na miti ya korongoni. Picha ikibanwa kwa mtindo wa JPEG hugawanywa vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande tofauti ndogondogo hufutwa. Kwa pikseli za mita 10, kipande ni mita 80 kwa 80, zaidi ya ekari moja na nusu. Mahindi yake yalikuwa yamechanganywa na miti! WhatsApp nayo hupunguza hata vipimo vya picha, kwa hiyo hali huzidi kuwa mbaya.

Siichukii JPEG. Kwa kuonyesha ramani kwenye mkutano wa kijiji inatosha kabisa. Ila ukitaka kupiga hesabu juu ya zile namba, bana kwa njia isiyopoteza kitu.

Mimi huanza kwa kukata. Kata yenye upande wa kilomita 10 ni pikseli milioni moja tu. Kwa fahirisi ya uoto nahitaji bendi mbili, nyekundu na infraredi ya karibu, kwa hiyo ni kama MB 4 kabla hata sijabana. Hapo kazi kubwa imeshakwisha.

Fahirisi yenyewe naizidisha kwa 10,000 na kuihifadhi kama namba kamili: 0.43 inakuwa 4300. Faili linapungua nusu, na hakuna mkulima atakayedhurika kwa kukosa tarakimu ya tano baada ya nukta. Mawingu nayapa namba yao, -32768, kwa sababu ukiyaandika sifuri kompyuta itadhani ni ardhi tupu. Kisha kwenye QGIS, ambayo ni ya bure, nahifadhi kama GeoTIFF na kuchagua DEFLATE. Ukifungua tena, namba zote zinarudi vile vile.

Data za mvua ni rahisi zaidi, na kwetu zinafurahisha. CHIRPS ina mvua ya kila siku tangu 1981. Ichukulie kama kitabu ambacho kila ukurasa ni ramani ya siku moja. Kuanzia Mei hadi Oktoba kurasa zetu karibu zote ni sifuri, na badala ya kuandika sifuri mara 150, programu huandika "sifuri, mara 150". Kinachokataa kubanwa ni tarakimu za kubahatisha. Milimita 12.3478219 ni ya nini, wakati kipimamvua chako shuleni hakioni hata nusu ya hizo? Andika 12.3 uone faili linavyonywea.

Ukimtumia mwenzako, tuma kama dokumenti, si kama picha, na kwenye jina la faili andika umezidisha kwa ngapi. Yeye hawezi kubuni.