Uvuvi wa Malema Katika Ghuba ya Gazi

Msafiri avukaye kivuko cha Likoni na kushika njia ya kusini, akisha kwenda kadiri ya kilomita 50 kutoka Mombasa, hufika Gazi, kijiji cha kale kilichokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895. Mbele ya kijiji ni ghuba yenye maji haba, iliyozungukwa na mikoko.

Upepo wa kusi uvumapo, bahari ya nje huchafuka, na wenye mitumbwi huogopa kuvuka mwamba. Ukisha kulegea, yapata Oktoba, maji hutulia na kutakata, na ndipo msimu mwema uanzapo. Alfajiri wavuvi husukuma mitumbwi kwa pondo, aghalabu mtu na mwanawe. Hutega malema, yaani mitego iliyosukwa kwa vijiti, penye nyasi za bahari, na chambo chake ni mwani. Windo lao kubwa ni tafi, pamoja na pono na changu. Kazi hii hutaka ujuzi wa bamvu na maji mafu, kwa maana maji yakipwa sana mtumbwi hukwama mchangani, na mvuvi hana budi kungoja hata yajae.

Matundu ya lema lililosukwa vema ni mapana, na samaki mchanga hupenya akaenda zake. Juya sivyo lilivyo: hukokota wakubwa kwa wadogo na kung'oa nyasi. Kwa sababu hiyo lilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001. Hata hivyo marufuku hayo hayakuyamaliza majuya, kwani mwenye njaa leo si rahisi kuambiwa angoje kesho.

Mikoko nayo ni malezi ya samaki, kwa kuwa wadogo wengi hukulia katika mizizi yake. Miaka ya 1970 ilikatwa mno kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali, hata pengine pakabaki uwanda mtupu. Tangu mwaka 1991 ilianza kupandwa tena, na mwaka 2013 wenyeji walianzisha mpango wa Mikoko Pamoja, ambao fedha zake zimesaidia maji na shule za vijiji.

Mvuvi mwenye busara, akikuta katika lema tafi asiyetimia kiganja, humrudisha baharini mbele ya mwanawe, ijapokuwa kikapu hakijajaa. Mtoto hunung'unika, lakini hujifunza. Akiba haiozi.